Bunduki Iliyobaki Garini Manundu

Mazingara, Handeni
Jumamosi

Kaka yangu Hiza,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Chausiku na watoto hapo Chanika mmeamka salama, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tu wazima, na mahindi yamebeba vizuri. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Sufiani amenifikishia ujumbe wako. Ati Jumatatu nikubali kosa mbele ya hakimu kule Korogwe, nitozwe faini, aibu iishe, maana mwanamke kushtakiwa kwa bunduki ni kuwachekesha watu. Thubutu! Kukubali kosa ni kunyang'anywa leseni, na bunduki ya Baba ikienda, nguruwe pori watakula shamba mimi nikitazama. Wewe uko mjini, unga unanunua dukani. Mimi unga wangu uko shambani, kaka.

Ngoja nikueleze, maana umesikia ya vijiweni tu. Siku ile nilikodi gari la Denis kwenda kwenye shamba langu la mpunga, bondeni Korogwe, ambako nguruwe walikuwa wameshaingia. Bunduki niliizungushia mkeka, haina risasi. Risasi na kitabu cha umiliki vilikuwa mkobani mwangu. Tulipokaribia Manundu nikapigiwa simu kwamba kuna msiba, nikamwambia Denis apite hapo. Sasa niambie wewe, tangu lini kwetu mtu akaingia na silaha penye maiti? Baba angefufuka anichape! Nikaiacha garini, nikamwambia Denis asibanduke, nakuja sasa hivi. Askari wakapita, wakaona kitako kimechungulia kwenye mkeka, wakauliza mwenye bunduki yuko wapi. Denis masikini hana leseni hata ya manati. Basi, shtaka langu ndilo hilo, kusafirisha silaha garini na kumwachia mtu asiyehusika nayo.

Mahakamani Denis alisema kweli, kwamba hiyo sasa hivi yangu ilikula asubuhi nzima. Watu wakacheka, hata mimi nilicheka. Mwendesha mashtaka akauliza ni pole gani isiyokwisha, na msiba wenyewe ulikuwa wa nani. Nikanyamaza. Akasema basi hakukuwa na msiba wowote, nilikuwa natafuta mnunuzi wa bunduki. Mnunuzi! Hata hapo jina sikulitaja, kwa ajili yako. Hakimu akasema Jumatatu nilete shahidi wa huo msiba, la sivyo ataamua kwa aliyoyasikia.

Sasa sinyamazi tena. Msiba ulikuwa wa Rukaya. Ndiyo, Rukaya yule yule uliyemwacha, ukatutangazia kwamba atakayekanyaga kwake, yeye Rukaya awe mzima awe maiti, asikanyage kwako. Na sikwenda kutoa pole. Nilikwenda kumwosha. Alipokuwa kitandani aliniusia mwenyewe kwamba asioshwe na mgeni, kwa hiyo ujue pia kwamba nilikuwa nikienda kumwona muda wote ule. Nilimwosha taratibu, nikamsuka nywele zake mikia mitatu, nikamvisha sanda huku nalia. Bunduki sikuikumbuka wala Denis sikumkumbuka. Talaka ulimpa wewe, kaka. Mimi sikumpa.

Jumatatu nitalitaja jina lake kwa sauti mahakama nzima isikie, na Mwatumu, aliyekuwa akinimiminia maji, atasimama kushuhudia. Hakimu akinifunga, anifunge. Akichukua leseni, nitafukuza nguruwe kwa kupiga debe. Lakini kukiri kosa kwa kumwosha wifi yangu, hilo silifanyi, uje na wazee wote wa ukoo. Mwosha huoshwa.

Nisalimie wifi Chausiku, na watoto wabusu mmoja mmoja. Nyumba yangu haijakufungia mlango, ukija utakula. Na Rukaya amezikwa hapo hapo Manundu, kaburi la mwisho karibu na ua wa minyaa. Hujauliza, nami nimekwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Mashavu