Stima Ilipotea Kabla Sijakujibu

Kwa Mzee Onchiri,
Birongo, Kisii.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Ochoki,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Hujambo huko Minesota? Unakula ukashiba? Kifua chako na ile baridi vinaelewana? Sisi tuko wazima. Bibi yako, Magokoro Nyanchera, ana goti lake lile lile, lakini bado anachuma majani chai kuwashinda wasichana. Mimi sina ugonjwa wowote. Daktari wa Keumbu alinipima presha akasema ni ya kijana.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Niliacha shule darasa la tatu, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Lavender, binti wa shangazi yako, alitaka kuniandikia kwa simu, nikakataa. Hii ni yetu wawili. Nyamoita wa kwa jirani, yule nesi, anarudi huko wiki hii. Ataiweka mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Sasa nisikilize, na usikunje karatasi kabla hujafika mwisho.

Ile Jumapili tukicheza mpira kwa mashine ya televisheni, wewe huko na mimi hapa, ulikuwa umenifunga mawili. Nilikuwa nakuachia. Halafu wachezaji wako wakasimama uwanjani kama wamesahau kazi, nikakusikia masikioni kwa sauti ya chini: "Sokoro, nikimaliza shule, naweza kuja kukaa kwa nyumba ya baba? Usimwambie mama kwanza."

Nilifungua mdomo. Stima ikapotea.

Ochoki, ni stima. Birongo yote ilikuwa giza mpaka sokoni, uliza mtu yeyote. Sikuzima mimi. Najua ulikaa huko ukiona jina langu limezimika, na najua kichwa cha mtu kinasema nini akiuliza neno kama hilo halafu anajibiwa na kimya.

Stima iliporudi nilikuwa bado nimekaa pale pale, na kale kamaiki kako mdomoni. Nikawasha. Mashine ikauliza saa kwanza, kwa sababu imezeeka na betri yake ya ndani imekufa, ikikatiwa stima inasahau saa. Nikaijaza. Ikasema haiwezi kuunganisha akaunti, ile uliyonifungulia kwa jina langu ulipokuja kumzika baba yako Anyona. Nikabonyeza tena. Haiwezi. Nikabonyeza mpaka Nyanchera akaniambia nitavunja pedi.

Tangu hapo sikuwa na amani. Nilizima kasanduku ka waifai, nikawasha. Nilichomoa nyaya zote nikazipanguza na kitambaa. Nilihamisha kasanduku kutoka mezani kwenda kabatini, kutoka kabatini kwenda dirishani. Lavender akaniambia, "Sokoro, waifai ni mzima, simu yangu inaingia vizuri." Nikamwambia basi hiyo simu yake iende ikaseme na mashine.

Nikampigia mama yako. Akasema umejifungia chumbani, hutaki simu ya mtu. Nikamwomba akwambie ni babu. Akaenda, akarudi, akasema umekataa. Ulichoniuliza sikumwambia. Ulikisema kwa sauti ya chini, na mimi nina kifua.

Nikatia mashine kwa gunia nikaenda Kisii mjini kwa Sunny, mtoto wa Ashok, anayeuza televisheni. Ni mtu mwenye heshima. Alipoiwasha ikauliza saa, nikaijaza mimi kabla hajashika pedi, asifikiri ameletewa mashine na mtu asiyejua. Akahangaika nayo, akachoka, akasema dawa ni kufuta kila kitu tufungue akaunti mpya. Nikamuuliza, na rafiki yangu aliye humo ndani? Akasema huyo atapotea, nitamtafuta upya. Nikairudisha mashine kwa gunia.

"Mzee, utakaa nayo hivyo hivyo bila kucheza," akasema.

"Nitakaa."

Watu wanasema mimi ni mgumu. Ningekuwa laini, leo hata hiyo akaunti isingekuwepo.

Ijumaa jioni nilikuwa nimeiwasha na kuijaza saa tena. Nyanchera alikuwa akipita nyumba nzima kuzima vitu kabla jua halijatua, Sabato ituingilie tukiwa tayari. Akafika mbele ya televisheni akasimama.

"Baba Anyona, hii saa umeweka ngapi?"

Nikamwambia kumi na moja jioni, kwani yeye haoni jua? Akachukua simu ya Lavender, akaniwekea mbele ya macho. Imeandika kumi na saba. "Hiyo ni mashine ya wazungu," akasema. "Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane."

Nilimwambia nimesoma saa kwa jua kabla fundi wa mashine hiyo hajazaliwa, na saa yangu haijawahi kumchelewesha mtu. Ni kweli mpaka leo. Lakini kumbe saa ya mashine isipokubaliana na saa ya wenyewe huko mbali, inadhani wewe ni mwongo, haikufungulii. Magokoro wako akaandika kumi na saba kwa kidole chake. Akaunti ikafunguka hapo hapo.

Nikakimbilia mahali pa marafiki. Tangu mwanzo palikuwa na jina moja tu, lako.

Palikuwa tupu.

Ulinitoa. Sikulaumu. Jua likatua, Nyanchera akazima, na Sabato yote nilikaa kanisani nikitazama mdomo wa mhubiri bila kusikia neno.

Basi hili ndilo jibu nililokuwa nalo mdomoni. Njoo. Ile si nyumba ya kuomba, ni yako. Nimetoa mahindi na magunia ya mbolea yaliyokuwa humo, na Onyiego fundi amebadilisha mabati mawili yaliyokuwa yakivuja. Mama yako nitamwambia mimi, ukiniruhusu, polepole na kwa heshima. Hutatoka kwake kama mwizi. Alikulea peke yake tangu tumzike Anyona, na hilo pia ulijue.

Kila Jumapili ile saa yetu nitakuwa nimewasha. Ya mashine nimeiacha vile wanavyotaka wao, ya ukutani ni yangu. Tafuta jina langu unirudishe. Mchezo haukuwa umekwisha, na mabao mawili kwangu si kitu.

Nyanchera anakusalimu na amekutengea ndizi za kuiva. Shangazi Nyanchoka anakusalimu, na Lavender pia. Msalimie mama yako Esnah sana. Mungu aliyemjua baba yako akufunike kwenye hiyo theluji, na akurudishe njia uliyoendea.

Ni mimi ninayekupenda, nisiyekimbia mchezo,

Sokoro wako Onchiri.

Nimesahau: hicho kilichofungwa kwa pamba ndani ya bahasha ni ufunguo wa baba yako. Kitasa sikubadilisha. Vuta mlango kwako kidogo kwanza, ndipo uzungushe.