Mashine ya Kusoma Pikapu

Jumanne, 10 Novemba 1998

Ile taa ya njano kwa dashibodi imewaka tena. Pikapu imezima kwa mlima wa Kaplong, maziwa tunayowabebea kina mama wa kijiji yote yakaharibika. Elmina wangu amefungua, amefunga, amebadilisha plagi. Anasema, Mama, hii gari ina kompyuta, bila mashine ya kuisoma ninabahatisha tu. Shemeji Kipkirui akacheka mpaka akakohoa. Eti msichana atafute bwana kwanza, kompyuta baadaye! Pikapu ya marehemu kaka yake ataiuza. Jumapili analeta mnunuzi.

Ataona.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimefika Kericho, duka la Mageto, yule Mkisii wa vipuri. Ana mashine mbili. Moja kubwa, sanduku kama la daktari, bei ya ng'ombe mtamba. Nyingine ndogo kama redio, ina vichwa vya waya aina tatu. Mageto akasema, "Mama, chukua kubwa, hiyo ndogo ni ya kuchezea."

Nikauliza, inaingia kwa gari ya Japani kama yetu?

"Inaingia kwa gari zote duniani!"

Zote! Mtu akisema zote mimi naogopa. Nikamwambia kwetu Siongiroi hatulipi ng'ombe kabla ya kumkamua mbele ya mwenyewe. Maziwa yatoke kwanza.

"Mama, mashine si ng'ombe."

Basi mbona unaisifu kama ng'ombe? Watu wa tairi pale nje wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema nilete hiyo gari Jumamosi, kama itafika.

Kama itafika! Mdomo huo.

Ijumaa, 13 Novemba

Sijala kitu. Ikizima Elmina akiwa peke yake barabarani? Nimeomba Mungu. Kipkirui alikuja kutaka funguo. Nikasema iko kwa Elmina. Elmina akasema iko kwa Mama. Ilikuwa kifuani mwangu, na chai nikampa.

Jumamosi, 14 Novemba

Naandika nikiwa kwa mlango wa Mageto. Funguo nilimwachia Elmina, nikatangulia na lori la majani chai ili Mageto asifunge. Saa saba alitaka kufunga, nikaweka kiti pale pale mlango wa chuma unaposhukia. "Mama, toka." Sitoki! Si uliniita wewe?

Elmina amefika, pikapu imezima kona ya mwisho, inasukumwa na wanaume wanne, mikono nyeusi, anacheka. Mtoto wangu!

Mashine kubwa — kichwa kimekataa kuingia. Mageto anasema sukuma tu kwa nguvu. Elmina amekataa. Amechukua ile ndogo, amejaribu kichwa cha kwanza, hapana, cha pili — kimeingia! Sasa mashine imetoa namba, anazitafuta kwa kitabu chake, anahesabu na kidole.

Lo! Kipkirui huyo anashuka kwa Peugeot, na mnunuzi. Hakungoja Jumapili. Anapiga kelele mbele ya watu wote, funguo iko wapi, mwanamke wewe?

Kwa kiti sijatoka.

Nimemwambia angoje. Gari inasomwa.