Lenzi ya Umbali wa Salamu

Rehema, huna adabu! Barua ya kurasa mbili wamuuliza babuyo lenzi ipi isiyovuta, isiyosogeza vitu karibu, ununue kwanza, na shikamoo hakuna! Hapa Kisauni tu wazima, mamako kanenepa.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, mpiga picha mmoja aliniazima kamera nimpige marehemu mama akikaanga mihogo. Lenzi yake nayo haikuvuta. Kwa haya nikasimama ng'ambo ya barabara. Picha iliposafishwa, mama mdogo kama sisimizi! Yule bwana akacheka: "Wamuogopa mamako? Mwendee mpaka umuamkie, hapo ndipo upige." Wallahi, katika picha ya pili mama alitoka na meno yote! Sina picha yake nyingine.

Basi jaribu lenzi za bei nafuu dukani, ukisimama umbali wa kuamkiana. Nunua itakayomuingiza pichani mwenye duka na meza yake. Kisha toka barabarani, uamkie watu kwanza, ndipo upige!