Barua Uliyoisaini Bila Kuisoma

Baba Tekla,

Ndiyo, Baba Tekla. Hilo jina la Baba Gaspar, la mdogo wake, ulilolianza kujiita tangu umfungie mwanao wa kwanza stoo, mie silijui.

Ugali umo kwenye sufuria, ni ule unga wa njano. Mboga utajipikia. Kuku wafungie mapema.

Tekla nimemtoa. Kufuli nimelivunja kwa mchi na kulitupa chooni. Miezi minne mtoto anaongea peke yake, na zahanati yetu ina aspirini tu. Walisema daktari wa akili yuko mjini, ila niende na barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi ni wewe. Mara tatu nimekuomba, mara tatu umekataa, eti watu watakucheka. Majirani umewaambia yuko Bukoba kwa shangazi yake.

Basi leo asubuhi, ulipokuwa unasaini barua za watu za mgao wa sukari huku unakunywa chai, ya Tekla niliichomeka ya tano. Hukuisoma. Husomagi. Umesaini na muhuri ukagonga. Inasema: "Mimi balozi nimemfungia stoo binti yangu mgonjwa, miezi minne. Naomba atibiwe."

Ya sita ilikuwa nakala. Hiyo naibandika kwenye ubao wa tawi la chama nikipita, kabla ya mkutano wenu wa saa kumi. Vaa shati lako jeupe, nimelipiga pasi.

~~Tutarudi Jumamosi.~~ Tutarudi Tekla akipona.

Wakikuuliza mkeo yuko wapi, waambie yuko Bukoba kwa shangazi.

Mama Tekla