Usimdai Mkwe Wetu Mbuzi

Mume wangu Baba Wafula,

Goti lako limetulia? Na ukikohoa, unamwambia nani, maana daktari najua hutamwambia? Mimi huku Woodley kwa binti yetu Mungu amenishika.

Ile dawa ya saratani ya tezi ya shingo nilipewa. Ni kidonge kimoja tu, lakini muuguzi alikileta ndani ya chombo kizito cha chuma kama mtu aliyebeba nyoka.

"Mama, hiki kina miale. Kitachoma ugonjwa uliobaki, lakini kwa siku kadhaa hata wewe utatoa miale. Lala peke yako, choo chako, sahani yako. Mtoto mdogo asikuguse kabisa."

Nikamwambia, "Binti yangu, hayo nimezoea. Nakaa kwa mkwe."

Akacheka mpaka akaketi. Kumbe ni Mkamba, na kwao pia mama hampi mkono mume wa bintiye.

Basi nikalala chumba cha nyuma. Mkwe akipita huku, mimi napita kule. Jumamosi Nasimiyu wetu akaenda Kenyatta Market kununua nyama. Mjukuu wako Baraka akafungua mlango wa jikoni, akanikuta naanika nguo.

"Kukhu! Nibebe!"

Baba Wafula, nilitoroka! Na hii miguu yangu, nikazunguka tangi la maji, mtoto nyuma yangu anacheka, anadhani tunacheza. Jirani akachungulia juu ya ua: "Mama, kwani huyo mtoto anauma?"

Pumzi ikaisha. Nikapiga nduru, "Baba Baraka! Shika mtoto!"

Mkwe akatoka bafuni na taulo, kichwa chote povu, akamnyakua Baraka mkono wa mtoto ukiwa karibu kushika leso yangu. Tukatazamana. Halafu kila mtu akageukia upande wake.

"Mama," akauambia ukuta, "nitalipa mbuzi wa aibu hii."

"Peleka mtoto ndani kwanza," nikaijibu kamba ya nguo.

Sasa nasikia umeshauliza huyo mbuzi ni dume au jike. Usimdai! Picha imeonyesha ugonjwa haukuenda kwingine, na daktari ameniruhusu kubeba mtoto. Jana Baraka alinilalia mpaka mkono ukafa ganzi. Sikumwondoa. Mbuzi wa shukrani atatoka kwetu.

Msalimie mama yako, mwambie nameza ugali vizuri. Dada yako Nabwile pia, lakini ya taulo usimwambie, kanisa zima litajua.

Na yule mbuzi mweusi unayempenda, anza kumkalia mbali. Utazoea. Mimi nilizoea.

Ni mimi wako,
Mama Wafula