Samaki wa Kutazamwa kwa Juu

Nagoya,
19 Oktoba

Kwa Kaka Teruhisa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Yatomi, wewe na wifi Kanae na watoto. Baridi imeanza kuuma huku. Natumaini mgongo wako haujaanza visa vyake. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechacha.

Umeniuliza kwa nini chama cha wafugaji kimekata ufadhili wa utafiti wangu, na wao wenyewe ndio walionitafuta. Bora uyasikie kwangu kuliko mtaani.

Walitaka mwanafunzi achunguze kwa nini ranchu, hawa samaki wetu wa dhahabu wasio na pezi la mgongoni, wakishapita baridi ya kwanza hugeuka matumbo juu. Unajua mnunuzi akilalamika anavyojibiwa: umemlisha kupita kiasi, huna mkono wa kufuga. Mimi nikawapiga picha za eksirei, kwa ubavu. Waliogeuka wote, kifuko chao cha hewa, kile cha kuwaweka sawa majini, kimesinyaa, hata waliolishwa kwa kipimo. Ni kasoro ya damu, Kaka. Tumezalisha ndugu kwa ndugu tukitafuta mgongo mzuri, tukaharibu ndani.

Mwenyekiti, Mzee Kurabayashi, hakuinama hata kuzitazama hizo picha. Alisema ranchu hutazamwa kwa juu, ndani ya beseni, tangu enzi za babu zake. Anayemtazama kwa ubavu anatafuta samaki wa kukaanga. Wakaangua kicheko, wazee wazima. Kisha akanishauri kwa upole niandike kwamba tatizo ni ulishaji, na fedha za mwaka wa pili zitakuja. Nilikataa. Wakapiga kura, na sasa naosha vyombo kwenye duka la tambi ili nimalize shahada.

Usilolijua ni hili: mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba.

Baadaye alinisindikiza hadi kituo cha treni, akanitilia machungwa mkobani. Nikamuuliza, hata wewe, baba? Akasema, "Ningekuwa wewe, mwanangu, ningeandika vilevile. Lakini mimi nina mabwawa, na kaka yako ana watoto wa kulisha." Yale machungwa nilimpa bibi mmoja ndani ya treni.

Basi nimeandika. Samaki wote wenye kasoro ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo umetoka kwenye mabwawa yetu. Hata bingwa wa Kurabayashi ni damu yetu. Baba alinipa wazazi wao kwa mkono wake mwenyewe. Desturi ya wasomi ni kumshukuru kwa jina aliyetoa samaki, nami sikuivunja. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu utalikuta jina la baba, peke yake.

Mchuma janga hula na wa kwao, na najua mabwawa hayo ni urithi wako. Ukinichukia ni haki yako, Kaka. Nimechoka kuchukia peke yangu.

Nisalimie mama, lakini usimwambie lolote. Baba mwenyewe amweleze. Wape watoto busu za shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Chigusa