Gari Lililomchukua Baba

Hindu mwanangu,

Uji uko jikoni, mpe mdogo wako. Komea mlango.

Ulipokuwa madrasa, wanajeshi walikuja kulitaka lile Peugeot ambalo baba yako alilinunua Mombasa, akalivusha mpakani juzi. Akawaonyesha karatasi za ushuru. Mkubwa wao akacheka: "Mzee, gari nimelipenda. Twende, utuendeshe mwenyewe."

Nilimsihi awape ufunguo abaki. Wakamsukuma ndani, akaondoka nao bila viatu. Mimi nilisimama tu mlangoni.

~~Atarudi jioni.~~ Sijui atarudi lini.

Nakwenda Kisugu kwa Ojok, yule polisi rafiki yake, labda ataniulizia. Sina mwingine wa kumwomba.

Majirani wakiuliza, sema Baba amesafiri. Usilie mbele yao.

Mama yako